VIJANA, KIKUNDI NA SAFARI YA ARABUNI



Siku hizi ni vigumu kupata kikundi katika kaunti yetu ya Isiolo, iwe ni Bulla Pesa, Kinna, Merti au Oldonyiro, ambacho hakina memba mwenye binti, mdogo wake au jirani aliyekwenda Saudia, Qatar, Dubai au Lebanon kutafuta kazi. Wengi ni wasichana wa kazi za nyumbani. Vijana wa kiume nao huenda kuwa walinzi, madereva na vibarua wa mijengo. Lakini ukifungua kitabu cha mikutano, kile anachoandika katibu, utakuta mambo ya mbuzi, tangi la maji, mashine ya kusaga, michango, na faini za kuchelewa. Safari ya kijana huyu haimo. Aliaga usiku, watu wawili watatu wakajua. Kikundi kilikuja kujua baadaye, mara nyingi siku ile mama yake aliposhindwa kulipa mkopo aliouchukua "kwa biashara ya nguo".

Makala hii inaeleza kwa nini safari hiyo ni kazi ya kikundi, na namna ya kuwapa vijana nafasi ya kuizungumza kabla ya tiketi kukatwa. Hatuandiki ili kuwazuia watu kusafiri. Katiba ya 2010, kifungu cha 39, inampa kila mtu haki ya kutoka nje ya Kenya. Na tukisema ukweli, sisi wenyewe hapa tumezaliwa na safari.

Mji wa wasafiri

Angalieni Isiolo yenyewe. Wasomali wa Isahakia ni wajukuu na vitukuu vya askari waliotumikia Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, wakapewa makao hapa. Waborana wa Waso walihamishwa na serikali ya kikoloni kutoka upande wa Wajir katika miaka ya 1930. Waturkana, Wasamburu na Wameru, kila mmoja ana hadithi yake ya kufika. Kisha ikaja vita ya shifta, 1963 hadi 1967, watu wakafungiwa katika kambi kama Garbatulla, Merti na Modogashe, mifugo wakaisha. Wazee wanaokumbuka nyakati zile hawahitaji kufundishwa kwamba mtu akipoteza mifugo huanza kuangalia barabara.

Hali ya juzi imefanana na hiyo. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Katika sehemu kame za Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 walikufa. Kijana aliyekuwa achunge ngamia wa babake alibaki na fimbo tu. Dada yake aliyemaliza kidato cha nne alibaki na cheti. Halafu siku moja simu inaonyesha picha ya rafiki yake amesimama Riyadh, sebule inang'aa.

Kabla ya kuhama, tulituma nani?

Nataka tukumbuke desturi moja ambayo wafugaji wote wanaijua. Kabla ya kuhamisha mifugo, watu hawaondoki tu kwa sababu wamesikia kuna majani. Wanatuma vijana wenye miguu na macho kwenda kuangalia: majani yapo kiasi gani, maji ni ya chumvi au matamu, kuna kupe, kuna ugomvi, nani ameshafika huko. Kazi hiyo Wasomali huiita sahan, na Waborana huiita aburu. Kijana akirudi, wazee wanaosimamia malisho, yaani wazee wa dedha, hukaa chini wakamsikiliza. Hawamwambii, "Wewe ni mtoto, nyamaza." Wanamuuliza maswali mpaka anachoka, kwa sababu akidanganya, au wakikosa kumsikiliza, ng'ombe watakufa.

Kwa hiyo sauti ya vijana katika maendeleo si kitu kilicholetwa na mashirika kwa semina na chakula cha mchana. Ilikuwa yetu. Ajabu ni kwamba kwa ng'ombe tunatuma mpelelezi na kumsikiliza, na kwa binti yetu hatumtumi mtu. Na wale waliokwenda wakarudi, ambao ndio wapelelezi wetu hasa, hatuwaulizi. Aliyerudi na pesa tunamwomba mchango wa harusi. Aliyerudi mikono mitupu tunamsengenya kisimani.

Kwa nini vijana hawasemi kikundini

Katiba yetu, kifungu cha 55, inaiagiza serikali kuhakikisha vijana wanashirikishwa na kuwakilishwa katika siasa, jamii na uchumi. Kijana kwa Katiba hiyo ni mtu aliyefika miaka 18 na hajafika 35. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba katika Wakenya wanne, watatu wana umri chini ya miaka 35. Na mwezi wa Juni 2024 nchi nzima iliona vijana waliojipanga bila kiongozi wakipinga Mswada wa Fedha mpaka Rais akaurudisha Bungeni. Hata hivyo nenda kwenye kikundi cha kijiji, utamkuta kijana mmoja tu kwenye kamati, naye ana cheo cha "mwakilishi wa vijana".

Upande wa Garbatulla nilimuuliza mmoja wa hawa wawakilishi kazi yake ni nini. Akajibu, "Mama, mimi kazi yangu ni kupanga viti na kuandika majina. Wazee wakimaliza kuongea, chai inakuja." Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Huyu kijana amesema ukweli, lakini angengoja tumalize."

Hapo pana kasoro nyingine ambayo si ya wazee. Mikopo ya serikali imetugawanya. Mfuko wa Vijana ulianza 2006, wa akina mama ukafuata 2007, na kila mmoja ulitaka kikundi cha aina yake. Pesa zilisaidia wengi, sikatai. Lakini siku hizi vijana wana kikundi chao, akina mama chao, wazee wana baraza lao, na hakuna mahali ambapo mama na binti yake wanakaa katika mkutano mmoja kuongea juu ya jambo moja. Mama anakopa kule, binti anapanga safari huku.

Ajenti je? Ajenti anasikiliza sana. Anamketisha msichana, anamwita dada, anamuuliza, "Unataka nini maishani?" Pengine ni mara ya kwanza mtu mzima kumuuliza hivyo. Anamwambia asiseme kwa watu, wivu ni mwingi, atarogwa. Siri hiyo ndiyo inayomfaa ajenti mbaya kuliko kitu chochote, kwa sababu mtu aliyeondoka kwa siri hana wa kumwuliza ajenti swali.

Mambo ambayo kikundi kinaweza kuuliza

Si kila ajenti ni mwizi. Wako wanaofuata sheria. Kuwatofautisha hakuhitaji digrii. Kunahitaji watu wachache kukaa pamoja na karatasi.

Kwanza, leseni. Wakala wa kazi za nje ni lazima awe ameandikishwa na serikali, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, huweka orodha ya walioandikishwa. Mwaka 2014 serikali ilifuta leseni za mawakala zaidi ya 900 kwa mkupuo mmoja. Kwa hivyo bango zuri Nairobi si ushahidi, wala leseni ya mwaka juzi si ushahidi. Kijana mmoja mwenye simu na bando ya shilingi hamsini anaweza kutafuta jina hilo mbele ya kikundi kizima. Mpeni kazi hiyo yeye, msimpe mwenyekiti.

Pili, mkataba. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mkataba wa kazi ya nje uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na ushuhudiwe na ofisa wa leba. Huyo ofisa ni lazima aridhike kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari yake, hakutishwa wala hakudanganywa, na kwamba anaelewa anachokitia sahihi. Sheria hiyo hiyo inasema ni kosa kumshawishi mtu aondoke Kenya kwenda kazini bila mkataba wa namna hiyo. Wasichana wengi hupewa karatasi uwanja wa ndege, saa moja kabla ya ndege, kwa Kiarabu na Kiingereza cha haraka. Kikundi kidai nakala wiki mbili kabla. Isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani: mshahara ni riyali ngapi, siku ya kupumzika ni ipi, nyumba ina watu wangapi, simu yake atakaa nayo au la. Kwa kazi ya nyumbani Saudia mshahara unaotajwa mara nyingi ni riyali 900 hadi 1,000 kwa mwezi, ambayo ni zaidi kidogo ya shilingi 30,000. Mtu akiahidi elfu themanini, muulizeni imeandikwa wapi.

Tatu, gharama. Katika utaratibu wa kazi za nyumbani, viza na tiketi ya ndege ni mzigo wa mwajiri. Ukiona familia inauza ngamia wa mwisho ili kulipia tiketi ya kadama, simamisheni mambo kwanza.

Nne, ni lazima vijana waelezwe kafala ni nini, kwa sababu neno hili ajenti hulipita haraka. Katika nchi nyingi za Ghuba kibali chako cha kukaa kinashikwa na mwajiri aliyekuita. Ukitoka kwake bila ruhusa, unahesabiwa mtoro, hata kama ulitoka kwa sababu ulipigwa. Saudia ilirekebisha mambo mwezi wa Machi 2021, wafanyakazi wengi wakaruhusiwa kubadilisha mwajiri, lakini marekebisho hayo hayakuwagusa wafanyakazi wa nyumbani. Wao wana kanuni zao za pekee. Pia sheria ya kule inakataza mwajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi, na bado pasipoti hushikwa kila siku.

Hatari si hadithi za kutishia watoto. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje iliwaeleza wabunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamekufa Saudia katika muda wa kama miaka miwili, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani. Nyingi za taarifa zilizotoka kule zilisema moyo ulisimama. Msichana wa miaka 25 aliyepimwa akapita, moyo umesimama. Wazazi walipokea sanduku na karatasi.

Mwisho, nakala. Kikundi kiwe na bahasha moja kwa kila anayesafiri: nakala ya pasipoti, viza, mkataba, jina na simu ya ajenti, jina na simu ya mwajiri, na mji aliko. Bahasha ikae kwa mtu mmoja wa kuaminika, na ya pili ofisi ya parokia, kwa imamu au kwa chifu. Kukitokea shida, ubalozi wetu wa Riyadh au Idara ya Serikali ya Wakenya Walio Ng'ambo, iliyoundwa 2022, watauliza mambo hayo hayo kwanza. Familia isiyo na namba ya pasipoti hupoteza wiki nyingi. Na mkubaliane neno la siri. Simu ikisikilizwa na mwajiri, binti akiuliza, "Yule mbuzi mweupe amezaa?", nyumbani wajue mambo ni mabaya.

Pesa zake, na maneno yake juu ya pesa hizo

Hapa ndipo vijana wenyewe huongea kwa uchungu zaidi, wakipewa nafasi. Katika 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, na Saudia ni kati ya nchi zinazoongoza. Kila mkutano wa hadhara utasikia tarakimu hiyo ikisifiwa. Hatusikii aliyetuma alitaka zifanye nini.

Chukueni mfano wa kufikiria tu. Binti anatuma shilingi 20,000 kila mwezi, kwa mkataba wa miaka miwili. Jumla ni 480,000. Anapoondoka anajiambia atarudi afungue duka la vitambaa karibu na soko. Mwezi wa kwanza ni deni. Wa pili ni karo. Wa tatu kakake anaomba pikipiki, "itakulipa yenyewe". Halafu mzee analazwa hospitali, na hapo nani atakataa? Kisha harusi, kisha pikipiki imegonga. Anaporudi anakuta mabati mapya, jambo jema, na kila mtu anamngojea aondoke tena. Yeye hajala pesa ya mtu na hakuna aliyeiba. Ni kwamba hakuna siku moja ambapo yeye alikaa na watu wa nyumbani na kusema, "Hii ni ya kwenu, na hii ni yangu, msiiguse."

Vikundi vinajua kuweka akiba kuliko familia zinavyojua, huo ni ukweli tunaouona kila mwaka. Kabla ya safari, binti akae na mzazi wake mbele ya mweka hazina, waandike kiasi gani ni cha nyumbani na kiasi gani kinaingia sako au benki kwa jina lake yeye. Mzazi atie sahihi. Kama ni mifugo inayonunuliwa, watiwe alama yake ya sikio, na kikundi kijue alama hiyo. Mzazi mmoja aliniambia kwamba kumwandikia mtoto mkataba ni kama kumwambia hatumpendi. Nikamuuliza kama ng'ombe wa mahari hawahesabiwi mbele ya mashahidi. Alinyamaza, kisha akasema, "Wanahesabiwa mara mbili."

Wale wanaopita kwetu

Safari si za kwenda Arabuni tu. Barabara ya lami kutoka Moyale, karibu kilomita 500, imetuletea nafuu kubwa, na imewaletea walanguzi nafuu pia. Vijana wa Ethiopia wanaoelekea Afrika Kusini hupitishwa hapa wakiwa wamefichwa kwenye malori. Mwezi wa Machi 2020, huko Tete, Msumbiji, kontena moja lilifunguliwa likakutwa na maiti 64 za Waethiopia. Wengine wao ni umri wa wale wanaocheza mpira Kiwanjani jioni.

Na vijana wetu wa boda boda wanaweza kuombwa kuwapitisha watu kama hao kando ya vizuizi usiku, kwa nauli ya mara kumi. Waambiwe wazi: adhabu ya sheria ya 2010 dhidi ya ulanguzi wa watu ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Mahakamani maneno "mimi ni dereva tu" hayana uzito mkubwa.

Waliosoma nao wasijione salama. Vijana Wakenya wenye digrii waliahidiwa kazi za kompyuta Thailand wakajikuta Myanmar ndani ya ua lenye walinzi, wakilazimishwa kuwatapeli watu kwa mtandao. Wengine waliokolewa 2022, na kundi kubwa zaidi likatoka 2025.

Namna ya kuanza

Msiitishe mkutano wa "kuhamasisha vijana juu ya hatari za uhamiaji". Hawatakuja, na wakija watanyamaza. Waacheni kwanza wakae wenyewe, wasichana mbali na wavulana, na anayeongoza awe kijana mwenzao. Waulizwe mambo mawili tu: ni nini kinachokufanya utake kwenda, na ni nini kingekufanya ungoje mwaka mmoja. Majibu yataandikwa bila majina. Msishangae yakigusa kikundi chenyewe: kwamba mkopo hutolewa kwa wenye shamba tu, kwamba msichana asiyeolewa hawezi kuwa memba, kwamba mradi wa kuku ulipewa vijana bila pesa ya chakula cha kuku.

Walioenda wakarudi waalikwe kama tunavyomwalika mtu aliyetoka kuangalia malisho. Asilazimishwe mtu. Mwingine amerudi na mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, mwingine na mgongo ulioumia, na mwingine alitendewa mambo ambayo hawezi kuyasema mbele ya wazee. Huyo atafutiwe mama mmoja mwenye busara wa kukaa naye kando, na mambo yake yasiingie kitabu cha mikutano.

Kisha maneno ya vijana yaletwe kwenye mkutano wa wote, yasomwe na kijana, na wazee wajibu siku hiyo hiyo: ombi hili tunaweza, hili hatuwezi, hili tutalipeleka kwa mwakilishi wa wadi. Hata jibu la hapana ni afadhali kuliko chai.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Katika mwaka uliopita, ni vijana wangapi wa kijiji chetu wamesafiri kutafuta kazi nje? Tunajua wako mji gani?

2. Ni mkopo gani wa kikundi uliotumika kwa safari bila kikundi kujua? Kwa nini mama huyo aliona ni lazima afiche?

3. Kati yetu ni nani amerudi kutoka nje, na ni lini tulimuuliza aliyoyaona?

4. Bahasha za nakala tutaziweka kwa nani, na ni kijana gani atakayekagua leseni za mawakala kuanzia mkutano ujao?